Hekalu Lililopachikwa Jabalini

Safari yetu ya kaskazini mwa China ilitufikisha kwenye mlima Heng, jimbo la Shanxi, si mbali na mji wa Datong. Huko ipo nyumba ya watawa wa Kibudha ambayo haikusimamishwa juu ya ardhi, bali imepachikwa ubavuni mwa jabali, mita 50 hivi juu ya bonde. Ilianza kujengwa mwaka 491 Miladia, zaidi ya karne moja kabla ya Hijra, ingawa sehemu kubwa ya kinachoonekana leo ni matengenezo ya enzi za Ming na Qing.

Sisi hatukwenda kuzuru masanamu. Tulikwenda kutazama kazi ya mafundi. Hata hivyo, tulipofika chini yake miguu ilituwia mizito. Vyumba vipatavyo 40 vimepangana hewani, na chini yake zimesimama nguzo za mti, ndefu na nyembamba mno. Mzee mmoja wa msafara wetu, seremala wa miaka mingi, aligoma kupanda.

"Wanangu, nguzo zile hazibebi hata banda la kuku."

Alisema kweli. Uzito haukutegemezwa kwenye nguzo, bali kwenye boriti zilizozamishwa ndani ya mwamba. Mafundi walichimba matundu yenye mdomo mwembamba na tumbo pana, wakaingiza boriti zenye kabari nchani. Kila boriti ilipogongwa, kabari iliipanua humo ndani isiweze kuchomoka. Nyumba zetu za mawe za pwani nazo zina boriti, za mikoko, lakini hizo hulala juu ya kuta mbili. Hizi zimeshikwa ncha moja tu. Ncha ya pili i hewani, na sakafu imelala juu yake. Jabali lenyewe limechomoza juu mithili ya upenu, likikinga mvua na jua, na mafuriko ya bondeni hayafiki huko.

Mkalimani alipokwisha kumfasiria hayo, mzee alinyamaza kitambo.

"Basi tangulieni, nami nafuata."

Tulipanda mmoja mmoja, kwani ngazi ni finyu. Katika chumba kimoja wamewekwa pamoja Buddha, Laozi na Confucius, tulipita. Mzee hakutazama sanamu hata moja. Alichutama ushorobani, akapapasa mahali boriti inapoingia mwambani, akitafuta ufa, mpaka walinzi wakatuhimiza tushuke, kwa kuwa wengine walikuwa wakingoja zamu.