Kabla ya Kisu, Uliza Anaumwa Wapi

Kama una kijana mwanasoka nyumbani, huenda umewahi kumwona akishuka ngazi huku kashika kinena. Mdogo wangu alianza hivyo. Mama akasema ni mshipa. Daktari wa kwanza akasema ni ngiri ya wanamichezo, apasuliwe upesi. Tukaanza kuchanga.

Jina hilo linapotosha. Mara nyingi hakuna utumbo uliochomoza. Ni ukuta wa chini wa tumbo uliodhoofika kwa mashuti na kugeuka ghafula. Daktari anaweza kupasua kinena na kuushona kwa uzi, au atoboe matundu madogo, aingize kamera na kuweka wavu kwa ndani. Uchunguzi wa wanamichezo 65 uliochapishwa mwaka wa 2019 ulilinganisha njia hizo. Baada ya wiki 4, hakuna iliyoishinda nyingine kwa kuondoa maumivu.

Sisi tulibishana uzi na wavu, tukasahau kuuliza (nami eti mwandishi!) anaumwa wapi hasa. Daktari wa pili alimwekea ngumi katikati ya magoti, akamwambia abane. Kijana alipiga yowe. Uchungu ulikuwa pale misuli ya ndani ya paja inaposhika mfupa, na hapo wavu hausaidii. Huko Denmark, utafiti wa 1999 ulionyesha wanamichezo 23 kati ya 29 wakirudi mchezoni bila maumivu kwa mazoezi ya misuli hiyo, bila kisu.

Mchango bado anao Mama. Kijana analala sakafuni kila jioni, mpira katikati ya magoti, akinuna.