Mayi ya kanisa

Mwezi huu sikuja kufundisha, nakuja kuungama.

Hapa Kalemie kanisa letu lina boti ya mbao. Inapeleka wahubiri na kwaya katika vijiji vya kando ya Ziwa Tanganyika, na wakati wa kurudi inapakia ndagala na unga wa muhogo, tupate pesa ya esansi. Kila safari inaacha magamba, matope na harufu. Vijana walikuwa wanaiosha kwa ndoo, wakiinama ukingoni. Siku moja kijana aliteleza, akaanguka kati ya boti na gati. Tulimtoa mzima, lakini usiku ule sikulala.

Ndiyo nikatafuta pompi kidogo ya umeme, ile ya kutoa maji chini ya boti, yenye kutumia batri ya volti 12. Niliitia ndani ya ndoo yenye matobo, nikaizungusha wavu ili majani yasiingie, nikaishusha ziwani kwa kamba. Waya nyekundu niliifunga kwenye alama ya kujumlisha, na karibu na batri nikaweka fizibule, waya zisiungue. Kisha tiyo ya metre tano. Nikabonyeza: maji yakaja! Vijana wakapiga makofi. Kazi ya nusu siku ikawa ya saa moja. Nami, ndugu, nilijivuna kidogo.

Kintu moja sikukiwaza. Uchafu wote tuliouosha ulirudi palepale pompi ilipokuwa inavuta. Tena kandokando ya gati hakuna choo, kila mtu anajua watu wanafanya nini pale usiku. Lakini maji yakitoka katika tiyo, bila majani, yanaonekana mazuri. Wamama wauza samaki wakaanza kuleta bidoni zao. Mmoja akaniambia:

“Pasta, mayi yenu iko safi sana, Mungu awabariki!”

Niliitika amina, nikaendelea na kazi.

Juma la pili wakaniita usiku. Mtoto wa mama yule, miaka minne, alikuwa anaharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, macho yameingia ndani. Wakati tunangoja pikipiki tulimnywesha kidogo kidogo maji yaliyochemshwa: lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Kwenye kituo cha afya muuguzi hakuchelewa kusema: kolera. Wakamtia seromu. Alfajiri mtoto akaomba uji, nasi tukalia.

Siwezi kuapa kwamba ni tiyo yangu iliyomgonjesha. Lakini nilipomwuliza mama kwa nini hakuchemsha maji yale, alinitazama kwa mshangao:

“Pasta, siye tuliona ni mayi ya kanisa.”

Neno lile lilinichoma kuliko kisu. Hakuamini pompi, aliniamini mimi.

Siku ya Mungu nilisimama mbele ya kanisa, nikasema yote. Wazee hawakutupa pompi, kwa maana kazi yake ni nzuri. Tuliipaka tiyo rangi nyekundu, na shemasi anasimama pale mpaka kuosha kuishe, kisha anaifungia. Uchafu wa samaki tunaufagia kwanza, tunauzika mbali na maji. Na ndani ya boti kuna bidoni yenye kifuniko, ya maji yaliyochemshwa.

Ziwa letu lina kina cha metre 1,470 hivi. Ukubwa huo unatudanganya, tunafikiri linameza kila uchafu. Nanyi mulio kwenye karyere, mopompi inayotoa maji shimoni inafanya kazi hiyo tu. Maji yake yanaweza kung’aa na kubeba sumu ya mawe isiyoonekana kwa macho. Musiwaache watoto wayanywe.

Yakobo 3:11 inatuuliza juu ya chemchemi moja na maji ya namna mbili. Zamani nilikuwa nahubiri mstari ule juu ya ulimi wa wengine. Sasa nausoma juu ya “amina” yangu, ile niliyoitika bila kuangalia bidoni iliyokuwa mkononi mwa mama.