Barabara Ilipokatika, Vidonge Vikakatika

Kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani Mei 2024, sisi wa Nanganga tulisalimika na upepo. Balaa iliyotufikia ni kukosa mabasi. Maji yalikuwa yameikata barabara ya Dar es Salaam kule Kilwa, na kwa siku kadhaa hapa njia panda, barabara ya Masasi inapoachana na ile ya Ruangwa na Nachingwea, hapakuwa na abiria wa kumuuzia korosho. Wenzangu walilia biashara. Mimi nililia biashara na jambo jingine ambalo halikuwa la kusemwa stendi: dawa zangu zilikuwa ng'ambo ya maji.

Miaka minane kabla ya hapo nilitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe, pamoja na vifuko vyote viwili vya mayai. Nilikuwa na miaka 45. Hospitali walikonipasua waliniambia nisibebe ndoo na nisikutane na mume kwa wiki sita. Kwamba nikitoka mezani nitakuwa nimekwisha koma hedhi siku ileile, hakuna aliyelitamka. Mwanamke ambaye hakupasuliwa, homoni ya estrojeni humpungua kwa miaka, leo iko juu, kesho iko chini, mpaka inatulia. Mimi ilinishuka kwa mkupuo. Binti yangu anayeishi Dar ndiye aliyenipeleka kwa daktari, nikaandikiwa vidonge vya estrojeni vya kuziba lile pengo. Tangu hapo alikuwa akivinunua na kumkabidhi kondakta wa basi, nami navipokea hapa njia panda, beseni la korosho kichwani. Mzee wangu alijua ni dawa za presha. Nilimwacha ajue hivyo.

Barabara ilifunguliwa, lakini duka la dawa alilokuwa akinunulia binti yangu likawa limeishiwa, na kila akiuliza anaambiwa arudi wiki ijayo. Nikahangaika huku kwetu: Ruangwa, Nachingwea, Masasi. Nikitaja estrojeni naletewa vidonge vya uzazi wa mpango. Muuzaji mmoja, kijana mwenye adabu zake, alinitazama usoni, akatazama vile vidonge, kisha akaniuliza, "Ni za binti, mama?"

Kilichoanza ni jasho la usiku. Naamka shuka limelowa, mto umelowa, nywele kama nimetoka mtoni, na dakika chache baadaye natetemeka kwa baridi. Mtu wa kusini akitoka jasho na kutetemeka, ugonjwa anaujua jina. Nikaenda zahanati, wakanitoboa kidole, kipimo kikatoa mstari mmoja: hakuna malaria. Wiki iliyofuata mstari ukawa mmoja tena. Wifi yangu, ambaye ananipenda kwa dhati na kwa hiyo hanipi nafasi ya kupumua, akakata shauri. "Wifi, hii homa ina mtu nyuma yake." Akamtaja na huyo mtu, jirani ambaye tuligombania naye mpaka wa shamba la ufuta.

Mchana hali ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu ya kazi yangu. Korosho yenye ganda tunaikaanga kwenye bati lililotobolewa matundu, juu ya moto wa kuni. Ganda lina mafuta makali. Yakichuruzika motoni yanawaka, moshi wake unawasha macho na koo, na mwenyewe unageuza upesi kwa mti mrefu ukiwa umerudi nyuma hatua moja. Zikiiva unazimwaga chini na kuzifukia mchanga ili moto ufe. Kazi hiyo naijua tangu usichana. Siku moja nikiwa nageuza, joto likanipanda kutoka kifuani, likapita shingoni, likaingia masikioni, moyo ukawa unakimbia. Nikajua kanga imeshika moto. Nikatupa mti, nikaivua kanga pale pale uani na kuanza kuikagua pindo hadi pindo. Haikuwa na hata alama ya cheche. Nilipogeuka, bati zima lilikuwa linawaka na korosho zote zimekuwa mkaa.

Hasara ile ndiyo iliyonipeleka Ndanda, kwenye hospitali ya misheni. Safari hii nilimweleza daktari yote, kuanzia upasuaji, vidonge vyenyewe, mpaka siku vilipokatika. Akaniambia kwamba ndani ya ubongo kuna sehemu inayolinda joto la mwili. Estrojeni ikiondoka ghafla, sehemu ile inakuwa na wasiwasi: joto dogo lisilo na madhara inaliona kubwa, inaamuru mishipa ya ngozi ifunguke na jasho limwagike ili mwili upoe. Ukishapoa kupita kiasi, ndiyo ile baridi ya saa tisa usiku. Moyo kwenda mbio ni sehemu ya mambo hayohayo, ila alinipima presha na kunisikiliza kifua kabla ya kulisema hilo, na nilimheshimu kwa kutobahatisha.

Nilimuuliza kama kuacha ghafla kumeniharibu. Alisema hapana. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2015 kuhusu kukoma hedhi unaeleza kwamba anayepunguza dozi kidogo kidogo anaweza kupata nafuu mwanzoni, lakini mbele ya safari yeye na aliyeacha kwa mkupuo hawatofautiani. Tofauti iko kwenye zile wiki za mwanzo, na mimi nilikuwa nimekwisha zilipa kwa jasho na kwa korosho.

Likabaki swali la kurudi kwenye vidonge au kutorudi. Wanawake wengi wanaogopa dawa hizi kwa sababu ya saratani ya matiti, na hofu hiyo ina chanzo chake. Mwaka 2002, huko Marekani, utafiti mkubwa uliohusisha wanawake 16,608 ulisimamishwa kabla ya wakati baada ya kuonekana kwamba waliotumia estrojeni pamoja na homoni nyingine, projestini, walipata saratani hiyo zaidi kidogo: nyongeza ya wanawake wanane hivi katika kila 10,000 kwa mwaka. Habari iliyosambaa ikawa "homoni zinaleta saratani", basi. Kilichosikika kidogo ni kwamba kundi jingine la utafiti uleule, la wanawake wasio na kizazi kama mimi, ambao hutumia estrojeni peke yake, halikuonyesha ongezeko hilo. Lenyewe lilisimamishwa mwaka 2004 kwa sababu ya kiharusi. Kwa hiyo kipimo cha presha yangu kilikuwa na uzito kuliko uvumi ule.

Daktari alisema kama ningekuwa bado na miaka 45 asingejadiliana nami, angenirudisha kwenye dawa, maana mwanamke aliyetolewa vifuko mapema anahitaji estrojeni kwa ajili ya mifupa na moyo angalau mpaka umri ambao hedhi ingekoma yenyewe. Lakini nilikuwa na 53. Umri huo nilishaupita nikiwa nimekingwa. Akaniachia niamue. Niliamua kutorudi. Simshauri mwingine afanye nilivyofanya mimi: sababu kubwa ni kwamba nilichoka kuishi kwa kutegemea basi.

Alinipa gabapentini, dozi ndogo ya kulalia. Wengi wanaijua kama dawa ya kifafa na ya maumivu ya mishipa ya fahamu; kumbe hupunguza na joto hili. Ilinilevya asubuhi za mwanzo, kisha ikatulia. Nikahamisha ukaangaji ukawa alfajiri, kabla jua halijatoka. Kahawa ya jioni nikaiacha, na hilo limeniuma kuliko yote. Kwa mifupa natembea kwenda shambani badala ya kupanda bodaboda, na dagaa nawala na vichwa vyao. Ukavu wa sehemu za siri ulikuwa na dawa yake pia: vilainishi vya maji vinauzwa maduka ya dawa. Sisi tuliochezwa unyago tulifundishwa mambo ya chumbani bila kufichwa, sioni kwa nini hili la ukubwani liwe la kunong'ona.

Joto halijaisha. Kuna utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa 2015, uliofuatilia wanawake miaka mingi: miongoni mwa waliopatwa na hali hii mara kwa mara, nusu walikaa nayo zaidi ya miaka 7, na kwa wanawake weusi zaidi ya miaka 10. Niliposikia hivyo niliacha kuhesabu lini itakwisha. Nikamwambia mzee wangu ukweli wote, hata ule wa dawa za presha. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama ndiyo maana nilikuwa namvua shuka usiku. Siku ya pili akafungua dirisha la chumbani ambalo alikuwa amelipigilia misumari kwa kuogopa wezi, akaweka wavu.

Kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa nililisema jambo hili nikiwa nasubiri zamu ya kulipa hisa, nikijipepea kwa daftari. Mmoja aliacha kuhesabu hela. Mwingine, aliyetolewa kizazi mwaka jana na anaagiza vidonge kutoka Dar kama nilivyokuwa nikifanya, akauliza mvua zikikata njia tena itakuwaje. Nikamwambia aombe akiba ya miezi miwili, na akitaka kuacha amwone daktari kwanza ampunguzie. Wifi alikuwepo. Kule nyumbani ndipo aliponiambia kwamba hata yeye, tangu hedhi yake ikome, shuka hulowa, na alikuwa amekwisha mlipa mganga kuku wawili. Nampeleka Ndanda baada ya mnada wa ufuta. Amekubali kwa sharti moja: nauli nitoe mimi.