Tiyo ya moshi chini ya motokari

Wengi wetu tunasemaka kwamba tiyo ile ni ya kuzuia kelele tu. Mjomba wangu, fundi wa motokari hapa Bukavu, hakubali hata kidogo. Kweli, silansiye inapunguza kelele: alikata moja iliyooza, nikaona ndani vyumba vidogo na vibomba vyenye matundu mengi. Sauti inaingia, inajigonga, inarudi kupigana na sauti ingine, nguvu inapunguka.

Lakini kazi kubwa ni kupeleka moshi mbali na watu. Unatoka katika silinda ukiwa wa moto sana, unafuata tiyo mpaka nyuma. Ndani yake iko gazi moja, monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu. Inashikamana na damu kupita oksijeni mara zaidi ya 200. Mtu anasikia kichwa kinauma, analala, basi.

Tiyo ikitoboka chini ya kabine, gazi ile inaweza kupanda ndani. Na madereva wetu, usiku wa baridi, wanafunga vioo na kuacha motere inatembea ili wapate joto! Mjomba anawagongea kioo: «Zimisha, baba, jifunike bulangeti!» Wanamukasirikia.

Kwa kutafuta tundu, anawasha motere hapa inje, anaziba mudomo wa tiyo kidogo tu kwa kitambaa kinene. Mimi ninainama pembeni na kusikiliza. Pale panapolia «sss», ndipo anapochomelea.