Kufika Ni Kugusa Ukingo

Waingereza wana neno 'arrive'. Maana yake ni kufika. Katika masomo ya Kifaransa mnamjua ndugu yake, 'arriver'. Neno hili halikuzaliwa Uingereza. Lilitoka Ufaransa, likaingia katika Kiingereza baada ya Wanormani kuishinda nchi ile mwaka 1066.

Lakini asili yake ni ya zamani zaidi. Katika seminari nilijifunza Kilatini, lugha ya Waroma wa kale. Kwa Kilatini 'ad' ni kwenye, na 'ripa' ni ukingo wa mto. Basi hapo kwanza lilikuwa neno la watu wa vyombo: kufika ni kuleta chombo mpaka ukingoni.

Leo Waingereza hulitumia kwa mambo mengi. Mgeni hufika, barua hufika, majira ya baridi hufika. Hata mtoto aliyezaliwa, husema amefika. Tena huangalia mahali. Wakifika katika nchi au mji mkubwa, huongeza neno dogo 'in'. Wakifika kwenye nyumba au stesheni, huongeza 'at'. Sisi twasema tu: 'Nimefika Bukavu. Nimefika shuleni.'

Angalieni pia tofauti hii. Mfaransa akiitwa hujibu, 'J'arrive!' naye yungali njiani. Mwingereza hajibu hivyo. Yeye husema kwamba anakuja. Neno la kufika hulingoja mpaka mwisho wa njia.

Wavuvi wa Ziwa Tanganyika hufanya vivyo hivyo. Nimesafiri nao usiku. Taa za kijiji zaonekana karibu sana, lakini hakuna asemaye, 'Tumefika.' Wanapiga makasia tu, kwa maana upepo waweza kuinuka hata karibu na nchi kavu. Mtumbwi ukigusa mchanga, ndipo wanasema neno lile, na kumshukuru Mungu.

Kila mwaka wako watoto wanaoacha shule katika mwaka wa tano. Wamekwisha kujua kusoma barua na kuhesabu fedha za sokoni. Pengine walikuwa wa kwanza darasani. Wanasema, 'Sisi tumefika.' Sivyo, wanangu. Wameona taa tu, na maji yangali chini yao. Wazee walisema: Kutangulia si kufika.

Maswali
1. Neno 'ripa' maana yake nini?
2. Kwa nini wavuvi hawasemi 'tumefika' wanapoona taa?
3. Wewe, ukingo wako ni upi mwaka huu?