Tashbihi na Tarakimu katika Uhakiki wa Wiski
Michael Jackson, mwandishi Mwingereza aliyefariki mwaka 2007 (si yule mwimbaji wa Marekani), aliufanya uonjaji wa wiski kuwa kazi ya kalamu. Katika kitabu chake, Malt Whisky Companion, cha mwaka 1989, alieleza rangi, harufu na ladha ya kila wiski ya kimea, kisha akaitunukia alama kati ya 100. Hapa ndipo panapozuka utata. Tuchukue, mathalan, Laphroaig ya kisiwa cha Islay, Uskoti. Shayiri yake hukaushwa kwa moshi wa mboji ya kinamasi, ambayo hukatwa na kuwashwa kama kuni. Aghalabu mwonjaji hujikuta akitaja iodini, mwani na lami. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo ambacho mtu angekinywa kwa hiari. Lakini mpenzi wa wiski hiyo huvitaja kwa kuisifu. Tashbihi huweza kuubeba ukinzani huo, tarakimu haiwezi. Hata hivyo, tarakimu ndiyo ikumbukwayo, kwa kuwa ni fupi na mwenye duka aweza kuibandika rafuni. Jackson, ambaye ubingwa wake ulikuwa katika sentensi, ndiye aliyempa msomaji mwanya wa kuiruka. Msomaji huyo hurudi nyumbani na chupa asiyojua inanukaje.