Pete Tatu za Zenit

Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu, aliyezaliwa hapa hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, alizikuta pete zangu tatu ndani ya mkebe wa maziwa. Akapitisha kidole katikati ya ile kubwa, akachungulia upande wa pili, akaniuliza, "Mjomba, kioo chake kilipotelea wapi?" Nikamwambia hakijawahi kuwapo. Akadhani namficha.

Pete hizo hazina kioo hata kidogo. Hufungwa kati ya kamera na lenzi, zikaisogeza lenzi mbali na filamu, na kadiri lenzi inavyosogea ndivyo unavyoweza kukikaribia kitu kidogo na kukipata kikubwa. Zangu ni za milimita 7, 14 na 28. Ukizifunga zote nyuma ya Helios, lenzi ya milimita 58 iliyokuja na kamera yangu ya Zenit, picha ya pasipoti hujaza filamu nzima.

Nilizinunua Mbarara mwaka 1999. Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari, lakini dada anasema ilikuwa 2001, kwa sababu alikuwa na mimba ya huyu huyu kijana. Tuyaache. Nisichohitaji daftari kukikumbuka ni ile studio ya uchochoroni, nyuma ya High Street, na harufu yake. Siki ilikupokea mlangoni kabla hujamwona mwenyewe. Ilikuwa asidi ya kuzuia dawa isiendelee kuila karatasi, na mpaka leo nikipita penye kachumbari moyo wangu hurudi kule. Mzee alikuwa Mnyankole mrefu, Kiswahili alikiokota Nairobi alikofunzwa kazi, kucha zimegeuka kahawia kwa dawa. Karatasi ikiwa ndani ya trei hakumjibu mtu. Alihesabu tu chini kwa chini, emwe, ibiri, ishatu, mpaka uso uanze kujitokeza.

Nilizihitaji pete kwa sababu ya watu wetu. Aliyekimbia usiku hakubeba albamu. Alichokuja nacho Nakivale ni kitambulisho mfukoni, au picha moja ya harusi ambamo baba yake amesimama nyuma, uso mdogo kama punje ya harage. Na anataka uso huo ukae ukutani. Helios peke yake haioni vizuri kitu kilicho chini ya nusu mita, kwa hiyo kitambulisho kilitoka kama stempu katikati ya meza.

Kazi ya kwanza niliiharibu. Mama mmoja aliyetoka Uvira aliniletea kitambulisho cha marehemu mumewe, kilicholowa mvua kikakaukia mfukoni. Nikafunga pete, nikafuata kipimo cha mwanga cha kamera, picha zote zikatoka giza. Nikapanda kamunye kurudi Mbarara na filamu yangu mkononi. Mzee akaitazama dirishani.

"Pete imekula mwanga, sebo. Kipimo chako kiko nje ya lenzi, kitajuaje?"

Kwa pete zote tatu, mwanga unaofika kwenye filamu haufiki theluthi. Akaniwekea harage lililotobolewa na mdudu, akanikalisha nalo mchana kutwa. Fungua lenzi stopu mbili kupita kipimo. Usizungushe lenzi, sogea wewe mwenyewe, kidogo kidogo, umebana pumzi. Picha iliyojikunja inyooshe kwanza, maana kwa ukaribu ule sikio litatulia na pua itapotea. Jioni niliuona ukingo wa lile tundu, na vumbi lililobaki ndani yake. Hakunitoza hata shilingi.

Yule mama nilimpelekea picha kubwa kama daftari. Aliishika kimya, kisha akaweka kidole juu ya nyusi ya mumewe. "Hili kovu ni la baiskeli," akasema. "Nilikuwa nimelisahau."

Baadaye zikaja kamera za dijitali, Kodak ikafilisika Januari 2012, zikaja simu. Habari za Mzee nilizipata ameshazikwa. Chumba chake sasa kinauza makava ya simu. Pazia la Zenit yangu lilichanika, nikanunua kamera ya mtumba na adapta. Pete ni zile zile.

Siku hizi vijana wanapiga picha ya marehemu kwa simu, mkono ukitikisika, kivuli cha kidole juu yake, kisha wanaipa programu iisafishe. Mwezi uliopita kijana mmoja alinionyesha baba yake aliyesafishwa hivyo. Ngozi laini kama ya sanamu dukani, macho ambayo hayamo katika ukoo wao. Huyo si baba yake. Programu haikuona kitu pale, ikabuni, naye atawaonyesha wanawe mtu ambaye hajawahi kuishi.

Kama una picha ndogo ya mtu wako, usiibandue kwenye kitambulisho, wala usiipeleke kupigwa lamineshi. Ilete kama ilivyo. Njoo kabla ya saa sita, mwanga wa mlangoni kwangu ukiwa bado mzuri.